Ripoti ya mtiririko wa fedha ya QuickBooks: sehemu ya ufadhili usiipeleke benki kabla ya kuinyoosha

Katika ofisi za kampuni za utalii Arusha, kuanzia Njiro hadi Sakina, programu ya uhasibu unayoikuta mara kwa mara ni QuickBooks, hasa ile ya kufunga kwenye kompyuta, yaani Desktop. Kwa ankara, kwa leja, kwa kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, ni chombo kizuri na hatuna ugomvi nacho. Tathmini hii inahusu ukurasa wake mmoja tu, taarifa ya mtiririko wa fedha, na ndani ya ukurasa huo sehemu ya tatu, inayofuata uendeshaji na uwekezaji: shughuli za ufadhili. Hiyo ndiyo sehemu inayomwambia mkopeshaji kampuni inaishi kwa jasho lake au kwa madeni, na ndiyo sehemu ambayo programu hii huikosea zaidi ukiiacha na mipangilio iliyokuja nayo.

Neno ufadhili lisikupeleke kwenye wahisani. Hapa maana yake ni fedha inayopita kati ya kampuni na walioipa mtaji: wanahisa na wakopeshaji. Hisa mpya zikiuzwa, mkopo ukichukuliwa, deni la msingi (lile lililokopwa, bila riba) likirejeshwa, gawio (sehemu ya faida ya wanahisa) likilipwa, mwenye kampuni akiingiza fedha yake au akiichukua, yote hayo ni ufadhili. Malipo ya wageni wa safari hayamo, wala mishahara ya madereva, wala ada za hifadhi. Gari jipya halimo. Hilo ni uwekezaji. Na kanuni ya kimataifa ya hesabu, IAS 7, inataka fedha halisi tu, ile iliyoingia au kutoka kweli.

Hapo ndipo programu inapoteleza. QuickBooks haifuati fedha, inafuata masalio. Inaanza na faida ya mwaka, kisha inachukua kila akaunti ya mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), inatoa salio la mwanzo kwenye salio la mwisho, na tofauti inaitupa kwenye fungu moja kati ya matatu kulingana na aina ya akaunti. Mali za kudumu huenda uwekezaji. Madeni ya muda mrefu na mtaji huenda ufadhili. Madeni mengine ya muda mfupi huenda uendeshaji. Nani alimlipa nani, na kama kuna shilingi iliyogusa akaunti ya benki, haiulizi.

Chukua kampuni ya kubuni ya safari inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mwanzo wa mwaka ilikuwa inadaiwa na benki shilingi milioni 120. Mwezi Machi ilipewa mkopo mwingine wa milioni 240: benki ikampelekea muuza magari milioni 150 moja kwa moja kwa ajili ya Land Cruiser, na milioni 90 zikaingia akaunti ya kampuni. Mwaka mzima kampuni ikarejesha deni la msingi milioni 60. Mwezi Mei, masika, wageni hakuna, mkurugenzi akaikopesha kampuni yake milioni 30. Septemba akarejeshewa zote. Novemba bodi ikatangaza gawio la milioni 40, lakini likalipwa Januari mwaka uliofuata.

Ukiandika kwa mkono unavyotakiwa, ufadhili unasomeka hivi: mkopo wa benki uliopokelewa 90, mkopo wa mkurugenzi uliopokelewa 30, deni la benki lililorejeshwa toa 60, deni la mkurugenzi lililorejeshwa toa 30. Jumla, milioni 30 zimeingia. Gawio halimo kwa sababu halijalipwa. Gari halimo kwa sababu fedha yake haikupita mikononi mwa kampuni. Linaelezwa pembeni, kwenye maelezo ya hesabu.

QuickBooks itakupa kitu kingine kabisa. Akaunti ya mkopo wa benki imepanda kutoka 120 hadi 300, basi itaandika ongezeko la 180. Mkopo wa mkurugenzi umeanza sifuri na kuishia sifuri, basi hautaonekana hata mstari. Gawio lililotangazwa limepunguza mtaji, basi itatoa 40. Jumla ya ufadhili: milioni 140. Wakati huohuo uwekezaji utaonyesha milioni 150 zimetoka kununua gari, na uendeshaji utajaziwa milioni 40 za gawio linalodaiwa, kana kwamba biashara imezizalisha.

Sasa jumlisha: 140, ongeza 40, toa 150. Unapata 30, ileile. Ndiyo maana kosa hili hukaa miaka bila kushtukiwa. Mstari wa mwisho unalingana na benki, mhasibu anapumua, na ukurasa unachapishwa. Mkopeshaji anayeisoma anaona kampuni iliyovuta milioni 140 kutoka nje, ilhali iliyoingia ni 30. Na anaona uendeshaji wenye nguvu kuliko ulivyo.

Jambo zuri ni kwamba sehemu kubwa ya haya inarekebishika ndani ya programu yenyewe. Ingia kama Admin, fungua Edit, kisha Preferences, kisha Reports & Graphs, halafu ukurasa wa Company Preferences, na ubofye kitufe cha Classify Cash. Utaona akaunti za mizania zikiwa na safu tatu za alama ya vema. Haya ndiyo ya kuhamisha, na sababu zake.

Gawio linalodaiwa, litoe uendeshaji ulipeleke ufadhili. Likikaa fungu moja na akaunti ya gawio iliyo kwenye mtaji, 40 ya kuongeza na 40 ya kutoa zinafutana, na mwaka ambao hakuna kilicholipwa unaonyesha sifuri. Linapolipwa Januari, linatokea mahali pake. Fanya vivyo hivyo kwa kodi ya zuio ya gawio, ambayo kwa kampuni isiyo kwenye soko la hisa ni asilimia 10: kati ya milioni 40, milioni 36 huenda kwa wanahisa na milioni 4 TRA. Iwekee akaunti yake peke yake, usiichanganye na zuio la kodi ya pango au la huduma, vinginevyo huwezi kuihamisha bila kuburuta mengine.

Sehemu ya mkopo inayolipwa ndani ya miezi 12 ni mtego mkubwa zaidi. Mwisho wa mwaka mhasibu mwangalifu hugawa mkopo: tuseme milioni 72 za mwaka ujao anazihamishia madeni ya muda mfupi ili mizania ikae sawa. Yuko sahihi kabisa. Lakini ripoti ya mtiririko itapunguza ufadhili kwa 72 na kuongeza uendeshaji kwa 72, na hakuna hata senti iliyotembea. Akaunti hiyo nayo ipeleke ufadhili. Ukiiacha, mhasibu anayefanya kazi yake vizuri ndiye anayeharibu ripoti, na asiyegawa mkopo anaonekana yuko sawa.

Limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya thamani ambayo mali za kudumu zimepoteza, liondoe uwekezaji ulipeleke uendeshaji. Halihusu ufadhili, lakini upo hapohapo, limalize.

Usihamishe malipo ya awali ya wageni. Kampuni za safari hupokea fedha za Julai na Agosti miezi mingi kabla, na wapo wahasibu ambao, wakiona mgeni amelipia safari ya mwaka kesho kutwa, huifanya akaunti hiyo kuwa deni la muda mrefu. Papo hapo fedha za wateja zinageuka ufadhili, na kampuni inaonekana imekopa. Hilo ni deni la huduma. Mahali pake ni uendeshaji, hata safari iwe ya miaka miwili mbele.

Ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa benki zaidi ya ulichonacho, haihitaji kuguswa ikiwa ni akaunti ya kawaida ya benki inayoshuka chini ya sifuri na kupanda. Programu huihesabu ndani ya fedha taslimu, na IAS 7 inaruhusu hivyo pale benki inapoweza kuidai wakati wowote na salio linapobadilika kati ya chanya na hasi. Iliyokaa hasi mwaka mzima bila kupumua ni mkopo. Ifungulie akaunti ya mkopo.

Yaliyobaki Classify Cash haiwezi kuyafikia, na hapo inabidi upeleke ripoti kwenye Excel na kumalizia kwa mkono.

La kwanza ni kuonyesha yaliyoingia na yaliyotoka mistari miwili tofauti. IAS 7 inataka hivyo, isipokuwa kwa madeni yanayozunguka haraka, ya miezi 3 au pungufu. Mjini Moshi jambo hili linauma kuliko Arusha. Mnunuzi wa kahawa akichukua mkopo wa msimu wa milioni 300 Julai na kuumaliza Desemba, ripoti ya QuickBooks ya tarehe 31 Desemba haimtaji kabisa kama mkopaji. Mtu aliyezungusha milioni 300 na kurejesha zote ndani ya msimu ana sifa ya kuonyesha benki, na programu imeifuta. Dawa: fungua leja ya akaunti ya mkopo kwa tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba, jumlisha upande wa kuingiza, jumlisha upande wa kulipa, andika mistari miwili. Ni dakika kumi.

Dakika hizo kumi zitakwenda bure kama marejesho yaliandikwa ovyo. Rejesho la mwezi la milioni 8.2 lenye deni la msingi milioni 5 na riba milioni 3.2 ni maingizo mawili. Wengi huitupa yote kwenye akaunti ya mkopo, na salio linashuka chini ya lile la benki. Wengine huitupa yote kwenye gharama, na mkopo haushuki kamwe. Omba benki ratiba ya marejesho siku ya kusaini mkataba, na kila mwisho wa mwezi salio la leja lilingane nayo hadi shilingi ya mwisho. Ukikuta tofauti, usiendelee na ripoti.

La pili ni miamala isiyo na fedha. Gari la milioni 150 hapo juu litoe pande zote mbili: punguza uwekezaji na punguza ufadhili kwa kiasi kilekile. Kampuni zinazofuata IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha mikataba ya pango kilichoanza 1 Januari 2019, zina mtego uleule kwenye pango la muda mrefu la yadi au kambi: siku ya kuingiza mkataba vitabuni, haki ya kutumia mali na deni la pango vinapanda pamoja, na ripoti inadhani umekopa na kununua. Malipo ya kila mwezi ya deni la msingi la pango ndiyo ufadhili.

La tatu, mkopo wa dola. Tuseme kampuni inadaiwa dola 100,000 na bei ya dola imepanda kutoka shilingi 2,400 hadi 2,600. Ingizo la marekebisho la mwisho wa mwaka litapandisha deni kwa milioni 20, na ripoti itasema umepokea milioni 20 za mkopo. Hujapokea. Zitoe ufadhili na uzirudishe uendeshaji, ambako hasara ya ubadilishaji ilipunguza faida.

Riba iliyolipwa QuickBooks huiacha ndani ya faida, yaani uendeshaji. Kwa sasa IAS 7 inakuruhusu kuchagua, mradi usibadilike kila mwaka, na kiwango cha kampuni ndogo na za kati nacho kinaruhusu. Ila kampuni zinazotumia viwango kamili vya kimataifa (IFRS) zijiandae: IFRS 18, kiwango kipya cha kuwasilisha hesabu, inayoanza kwa miaka ya hesabu ya kuanzia 1 Januari 2027, itazitaka nyingi zipeleke riba na gawio lililolipwa kwenye ufadhili. Usitegemee programu ifanye hivyo yenyewe.

Chini ya ripoti iliyonyooshwa weka jedwali dogo la deni, ambalo QuickBooks haina. Kwa mfano wetu: salio la mwanzo 120, fedha iliyopokelewa 90, lililolipwa moja kwa moja kwa muuza magari 150, lililorejeshwa toa 60, salio la mwisho 300. Namba tano tu, lakini zinamjibu ofisa mikopo kabla hajauliza, na kwa kampuni zenye viwango kamili maelezo ya namna hiyo yamekuwa takwa tangu 1 Januari 2017. Kwa maoni yetu kukosekana kwake ni upungufu mkubwa kuliko yote kwenye programu hii.

Anayefikiria kuhamia toleo la mtandaoni ahakikishe kwanza kama lina njia ya kuhamisha akaunti kama Classify Cash. Kama halina, akaunti hufuata aina uliyoipa ulipoifungua. Kwa hiyo sehemu ya mkopo ya miezi 12 na gawio linalodaiwa utavirekebisha Excel kila mwaka. Kwa kampuni yenye mkopo mmoja na mwenye hisa mmoja hilo linabebeka. Yenye mikopo minne na wanahisa watatu, ibaki Desktop kwa kadiri inavyowezekana.

Mkurugenzi anayeingiza fedha zake aandike karatasi moja kila mara: tarehe, kiasi, kuna riba au hakuna, ni mkopo au ni mtaji. Bila karatasi hiyo mhasibu hubahatisha, na mara nyingine fedha hiyo huishia kwenye mapato, ikatozwa kodi kama mauzo.

Ukishamaliza, funga mwaka: Preferences, Accounting, halafu weka tarehe ya kufunga na nywila. Rejesho moja likiingizwa kwa tarehe ya nyuma, salio la mkopo la mwaka jana linabadilika, na ripoti utakayochapisha mwezi Juni haitafanana na ile uliyompa mkaguzi mwezi Machi.