Mtoaji Figo na Fomu ya Ridhaa: Nyota 3 kati ya 5

Nilipompa kaka yangu figo katika hospitali moja ya Nairobi, kilichonipendeza zaidi ni mahojiano ya faragha: mshauri aliwatoa nje jamaa zangu wote, mama akinung'unika, kisha akaniuliza kama kuna aliyenishurutisha au kuniahidi pesa, kwa kuwa Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inadai ridhaa ya maandishi na inaharamisha biashara ya viungo. Alinihakikishia kwamba ningeweza kughairi hata nikiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Fomu yenyewe, kurasa 6 za Kiingereza cha herufi ndogo mno, haikutaja nani angegharamia vipimo vyangu vya kila mwaka. Hadi leo ninavilipia mwenyewe.