Snake Eyes wa 1982: kisanamu cheusi kilichonirudisha kabatini

Kisanamu hiki cha kuchezea cha askari Snake Eyes kilinifikia kikiwa vipande vitatu ndani ya mfuko mdogo wa plastiki: kiwiliwili chenye kichwa na mikono, kipande cha kiuno, na miguu miwili iliyoshikamana kwa ndoano ya chuma. Mkusanyaji mwenzangu alinipa kama nyongeza tulipomaliza kubadilishana vitu vingine. "Chukua na hiki," akaniambia, "kimeshakufa." Nikakitia mfukoni, nikakisahau kwa karibu wiki mbili.

Wakati huo nilikuwa mkusanyaji wa jina tu. Kabati langu la vioo lilijaa visanamu ambavyo havijawahi kutolewa kwenye kadi zao, yaani zile karatasi ngumu vilizofungiwa dukani, vingi vikiwa vimefunikwa na masanduku magumu ya plastiki angavu. Kazi yangu ilikuwa kuvipangusa vumbi na kujaza orodha: namba, mwaka, hali ya kona za kadi. Kikiingia kipya napiga picha, naandika, nakipanga mstarini. Nilianza kuona kuwa siku nyingi napita mbele ya kabati bila hata kugeuza shingo, na jambo hilo liliniuma, kwa sababu vitu hivi nimevipenda tangu utotoni. Niliwahi kukaa chini nikahesabu ni vingapi ningeweza kuviachia. Nilifika thelathini na kitu kabla sijachoka kuhesabu.

Sasa nieleze ni kisanamu gani, kwa wasiokijua. Kampuni ya vitu vya kuchezea ya Hasbro ilitoa G.I. Joe ya kwanza mwaka 1964, askari mwenye urefu wa kama sentimita 30, na ikakataa katakata kumwita mwanasesere, ikihofia kuwa wavulana hawatamtaka. Mwaka 1982 jina hilo lilirudi likiwa na miili midogo ya sentimita 9 na nusu hivi, kimo kilekile ambacho visanamu vya filamu za Star Wars, vilivyotengenezwa na kampuni ya Kenner, vilikuwa vimekizoesha watoto. Askari wa kikosi cha G.I. Joe waliouzwa mmojammoja kwenye kadi mwaka huo wa kwanza walikuwa tisa, na Snake Eyes, komando wa kikosi, alikuwa mmoja wao. Wenzake walipakwa rangi za uso, nywele, mikanda na viatu. Yeye hakupakwa hata tone. Kampuni ilikuwa inabana gharama za upakaji rangi, na njia rahisi ilikuwa kumtoa mmoja akiwa plastiki nyeusi tupu, utosini hadi unyayoni, uso ukifichwa kwa kofia na miwani mikubwa.

Nyumbani kwetu alikuwa wa mwisho kuchaguliwa. Kaka zangu walichukua wenye rangi, nami kitinda mimba nikaachiwa mweusi. Ndiye niliyelala naye. Yule wa utotoni alipotea zamani, na nilichokuwa nacho kabatini miaka yote hii ni matoleo yake ya baadaye, mazuri zaidi, yenye silaha nyingi, yaliyofungwa kabisa.

Basi jioni moja nikautoa ule mfuko. Kisanamu hakikuwa kimekufa. Ndani ya visanamu vyote vya G.I. Joe vya miaka ile mna oringi moja, yaani pete ndogo ya mpira, inayoshikilia mwili mzima: chini inanasa kwenye ndoano ya chuma iliyo kati ya mapaja, inapita katikati ya kiuno, juu inazunguka nguzo iliyo ndani ya kifua. Mvutano wa mpira huo ndio unaofanya kiuno kizunguke na miguu ipande na kubaki ilipopandishwa. Mpira una umri wake. Ukishakaa miongo mitatu au minne hukauka, ukapata nyufa, kisha siku moja mtu anainua kisanamu na miguu inabaki mezani. Changu ndicho kilichokuwa kimefikwa na hilo. Mabaki ya oringi yalikuwa bado yamegandia kwenye ndoano, magumu kama kipande cha gundi ya zamani.

Skrubu iko moja tu, katikati ya mgongo, ndani ya tundu lilelile linaloshika mkoba. Napenda sana ubunifu huo, tundu moja kazi mbili. Niliifungua kwa bisibisi ndogo ya nyota, taratibu, maana plastiki ya zamani ikishaliwa na meno ya skrubu haishiki tena. Kifua kikafunguka nusu kwa nusu, mikono ikadondoka, kichwa kikabiringika hadi ukingoni mwa meza. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Sikuwahi kuona ndani ya kitu hiki, pamoja na miaka yote niliyojiita mjuzi wake.

Oringi mpya si tabu kuzipata, wauzaji wa vipuri vya wakusanyaji wanazo. Ya kwanza niliyoweka ilikuwa nene mno, miguu ikakakamaa na nikaona paja linabanwa pale kwenye nyonga. Hapo ndipo visanamu hivi huvunjika, na nyonga ikishavunjika hakuna dawa ya kweli. Nikaitoa haraka. Ya pili ilikaa sawa: mguu ulipanda na kutulia, kiuno kikazunguka bila kelele. Nikafunga skrubu mpaka ikagoma kidogo, nikaacha hapo hapo. Kisha nikakikalisha kwenye ukingo wa kitabu, nikakichutamisha, nikakipiga goti moja chini na mkono mmoja mbele. Nilipotazama saa, usiku ulikuwa umekwenda.

Nikipime sasa kama kitu cha kushikwa. Maungio yake kwa wakati wake yalikuwa makubwa: shingo, mabega, viwiko, kiuno, nyonga, magoti. Visanamu vya Star Wars vya enzi hiyo vilikuwa na sehemu tano tu zinazocheza, kwa hiyo mtoto aliyehama kutoka kule kuja huku alipata mtu anayeweza kukaa na kuinama. Lakini toleo la 1982 lina upungufu mmoja ambao siwezi kuufunika. Mkono wake unapinda kwenye kiwiko lakini hauzunguki. Jaribu kumshikisha bunduki yake ndogo ya Uzi kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, hutaweza, mikono inabaki sambamba kama ya mtu anayesukuma toroli. Hasbro waliliona hilo, na mwaka 1983 wakaongeza mzunguko juu ya kiwiko, wakawatoa tena wale wale wa mwanzo wakiwa na mikono mipya. Anayetaka kumpanga kwenye mikao mbalimbali atafute wa 1983. Mimi huyu wa mikono iliyonyooka ndiye niliyelala naye, na simbadilishi.

Shingo nayo inageuka kushoto na kulia tu. Haangalii chini wala juu, hilo lilikuja mwaka 1985 visanamu vilipopewa shingo ya gololi. Kwa huyu hainisumbui, anaonekana mtu aliyekazia macho jambo moja.

Halafu kuna ule weusi, ambao ndio sababu ya mimi kuandika yote haya. Kitu kilichofanywa ili kuokoa fedha ndicho kilichozeeka vizuri kuliko vyote. Chukua mwenzake yeyote wa 1982 aliyechezewa: nyusi zimefutika, nywele zimebanduka kwenye utosi, mikanda imebaki michirizi. Chukua Storm Shadow wa 1984, ninja aliyevaa nyeupe, hasimu na ndugu yake wa upanga katika hadithi. Plastiki yake nyeupe hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na kumpata aliyebaki mweupe kweli ni kazi. Snake Eyes hana rangi ya kubanduka wala weupe wa kuchakaa. Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo kabla ya kumfunga, nikamkausha kwa kitambaa laini, na akatoka kama alivyotoka kiwandani, isipokuwa kwenye pua na magoti ambako vidole vya mtoto fulani vimemng'arisha. Mng'aro huo nimeuangalia mara nyingi kuliko kona ya kadi yoyote niliyonayo.

Na kwa kuwa hana rangi, uchongaji wote unaonekana kwa mwanga peke yake. Ukimweka chini ya taa ya pembeni, mikunjo ya nguo inajitokeza, miwani inapata kivuli, na mtu anayekaribia huona sura ambayo haipo. Larry Hama, aliyeandika wasifu mfupi uliokuwa nyuma ya kadi za visanamu hivi na pia vitabu vya katuni vya G.I. Joe vilivyotolewa na Marvel, aliufanya ukimya huo kuwa tabia yake: komando asiyeongea, mwenye kuficha uso. Toleo la 21 la katuni hizo, la mwaka 1984, halina neno hata moja la mazungumzo. Haya yote yalitokana na bajeti ya rangi iliyopungua.

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kina ufa mwembamba, kwa hiyo simshikishi bunduki. Nawaomba wenzangu wote mzingatie hili: gumba za visanamu vya kundi hili huvunjika kwa sababu mpini wa silaha huingizwa kwa nguvu. Pasha moto kiganja kwa maji ya uvuguvugu kwanza, kisha ingiza mpini kutokea ubavuni, si kwa kusukuma kati ya vidole. Kabla ya kukubali kimoja, angalia gumba zote mbili, kisha inua mguu na uchungulie nyonga. Usikipimie umri kwa mwaka uliochapwa mwilini, maana hata wale wa mikono mipya hubeba mwaka wa kwanza. Zungusha mkono, ndio utakaokwambia ukweli. Na ukiona Uzi nyeusi mno, inayonata kidogo mkononi na yenye kingo zilizolegea, uliza vizuri, kwa sababu silaha feki ni nyingi kuliko visanamu feki. Oringi iliyokatika isikutishe hata kidogo. Mimi sasa naitafuta, maana wengi wanadhani ndio mwisho wa kisanamu na wanakitoa kwa moyo mwepesi.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kabati nikatoa wote waliokuwa wazi, yaani nje ya kadi, wale niliokuwa nimewaficha safu ya nyuma kwa kuona aibu ya hali yao. Kumi na mmoja walikuwa na oringi zilizolegea au kukatika. Niliwafungua mmoja baada ya mwingine kwa jioni nne, na kila kifua kilichofunguka kilikuwa na kitu: chembe za mchanga, uzi mwekundu, na mmoja alikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa kikakazwa mahali pa oringi na mtu aliyempenda kabla yangu. Karatasi ile nimeihifadhi. Tangu hapo nimetoa visanamu vinane vilivyofungwa kwenye kadi kwa wakusanyaji wanaovitaka hivyo, nikachukua badala yake vilivyo wazi, vyenye alama, vinavyohitaji mikono. Kadi nzuri bado nazipenda, na sigombani na anayezilinda. Kabati langu lina nafasi tupu sasa na kioo chake hakikai kimefungwa siku mbili mfululizo.

Kinachokosekana kwa Snake Eyes wangu ni mkoba wake wa vilipuzi. Nimeuona mara mbili, mara zote ukiwa umeshaahidiwa mtu mwingine. Tundu la mgongoni liko wazi na skrubu inaonekana ndani yake, na kila ninapomwinua kidole changu hupita hapo kwanza.