Raba za mbio ndefu za porini: ipi ununue ukiwa Dar

Uliza kwenye kundi lolote la jogging hapa mjini raba gani inafaa kwa mbio za porini, utatajiwa kampuni. Mmoja atasema Salomon, mwingine Hoka, wa tatu atakutumia picha ya raba ya shemeji yake. Hakuna atakayekuuliza mguu wako unakuwaje baada ya saa nane za kukimbia, na jibu lote liko hapo. Mbio zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni, iwe ni 50 au ni zile 161 za Western States kule California, zinavimbisha mguu. Joto linautanua, maji na chumvi vinachezacheza mwilini, na kila mteremko unausukuma mbele. Raba iliyokukaa vizuri dukani asubuhi inaweza kuwa mtego kufikia saa tisa alasiri.

Sisi wa Dar tunalijua hilo mapema kuliko wenzetu wa nchi za baridi. Huku jasho linafika kwenye soksi kabla jua halijapanda. Ndiyo maana kwenye mpangilio huu nimeangalia kwanza nafasi ya vidole, halafu sponji, halafu meno ya soli. Rangi na uzito nimeviweka nyuma kabisa. Raba hizi nyingi zinacheza kwenye gramu 300 kwa mguu mmoja, na tofauti ya gramu 20 haitakuokoa na kucha zilizokufa.

Kwanza saizi, maana hapa ndipo pesa inapopotea

Achana na "mimi navaa 42". Nike wakiandika 42.5, Salomon wanaandika 42 na theluthi mbili, na lebo zote mbili zinasema sentimita 27. Hiyo namba ya sentimita ndiyo ya kushika. Iko chini ya ulimi wa raba, mara nyingi imeandikwa CM au JP.

Pima mguu jioni, siku ambayo umetembea. Bandika kisigino ukutani, simama juu ya karatasi kwa uzito wako wote, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa wengi kirefu ni gumba, ila kwa baadhi ni cha pili. Pima miguu yote miwili ufuate ule mkubwa. Ukipata 26, tafuta raba ya 27. Kama unavimba sana, 27.5. Kisha upana: toa soli ya ndani, iweke chini, uikanyage bila soksi. Nyama ikimwagikia pembeni, hiyo raba irudishe mezani hata kama bei imeshuka hadi aibu.

Hapo ndipo winga, yule dalali wa dukani, atakwambia, "Itajiachia tu kaka, vaa siku mbili." Haitajiachia. Ngozi ndiyo hutanuka. Raba hizi ni nyavu za plastiki zilizoimarishwa kwa gundi mbele na pembeni, zimetengenezwa makusudi zisitanuke.

Ninavyozipanga

Ya kwanza kwangu ni Hoka Speedgoat, kwa sharti moja: iwe ile pana, inayoandikwa "Wide" au 2E kwenye boksi. Jina limetokana na lakabu ya Karl Meltzer, Mmarekani aliyeweka rekodi ya kasi mwaka 2016 kwenye Appalachian, njia ndefu ya miguu kule Marekani, na raba yenyewe imefuata kazi yake: sponji nene, soli ya Megagrip ya kampuni ya Vibram inayonata hata kwenye jiwe lililolowa, meno ya milimita 5. Kisigino kimezidi mbele kwa unene, milimita 4 au 5 kutegemea toleo, kiasi ambacho wengi wanakizoea bila shida. Unene huo unalipa kilomita za mwisho, pale nyayo zinapoanza kuhesabu kila kokoto. Una gharama pia. Ukiwa juu hivyo, kwenye mchanga laini wa Kigamboni au kwenye barabara ya Kisarawe iliyochimbwa na magurudumu, kifundo cha mguu kinayumba. Aliyewahi kuteguka afikirie mara mbili. Ikipatikana nyembamba tu, iruke uende kwa ya pili.

Ya pili ni Altra. Hawa wametengeneza mbele ya raba kwa umbo la mguu wenyewe, vidole vinakaa vimetawanyika, na kwenye Lone Peak na Olympus kisigino kiko sawa kabisa na mbele, tofauti ni sifuri. Lone Peak ina unene wa milimita 25. Olympus inafika 33 na ndiyo ningeichukua kwa kilomita 100. Kwa malengelenge katikati ya vidole sijaona dawa nzuri kuliko nafasi hii. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu ya mashavu ya miguu na mshipa wa kisigino. Aliyekimbia miaka yote na raba za lami zenye kisigino kirefu, akiingia humu na kwenda kilomita 30 kesho yake, ataumia. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa umekulia kwenye kandambili mwili wako umeshazoea: kutembea ni kitu kingine. Anza na kilomita tatu nne, mara mbili kwa wiki, uongeze polepole kwa miezi miwili au zaidi. Kama mbio zako ni mwezi ujao, usiiguse.

Saucony Peregrine inashika ya tatu. Sponji ni ya wastani, meno makali, tofauti ya kisigino na mbele milimita 4, mguu unaisikia ardhi. Kwa Uluguru kipindi cha mvua, njia nyembamba za tope na mizizi, naipenda kuliko hizo mbili za juu. Lakini ikizidi kilomita 50 au 60 nyayo zinalalamika. Ni raba ya kilomita 50, tuiache hapo.

Ya nne, Brooks Cascadia. Scott Jurek, aliyeshinda Western States mara saba mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005, alihusika kuibuni. Ina kisigino cha kama milimita 8 zaidi ya mbele, kutegemea toleo, kwa hiyo anayehamia porini kutoka lami hatashtuka. Ngumu, inadumu, haina mbwembwe.

Ya mwisho ni Salomon Speedcross, na najua hapa nitagombana na watu. Meno yale makubwa yanavutia macho. Ukiiona mezani unajiona tayari uko mlimani. Yametengenezwa kwa tope laini na majani yaliyolowa. Sisi mazoezi yetu mengi ni udongo mwekundu uliokauka, changarawe, na kipande cha lami kila unapoenda na kurudi. Lami inayasaga meno hayo kama kifutio. Ongeza kwamba ni nyembamba mbele, kisigino kimezidi kwa milimita 10, na zile kamba zake nyembamba za kuvuta zikikatika, fundi viatu wa mtaani kwako hana za kubadilisha. Masika ukiwa na safari ya Lushoto, sawa, ivae. Kwa mbio za siku nzima, hapana.

Sijaweka Nike Pegasus Trail kwenye foleni hiyo kwa sababu haishindani nazo. Ila mtu wa Goba au Madale anayetoka mlangoni akikanyaga vumbi, lami, vumbi tena, hana raba ya mazoezi ya katikati ya wiki inayomfaa zaidi. Itunze ile ya mbio kwa ajili ya Pugu wikiendi.

Jambo moja zaidi kabla ya sokoni: ukikuta imeandikwa GTX, iache. Ni utando wa Gore-Tex wa kuzuia maji. Mvua ya hapa haiingii kwa pembeni, inaingia kwa juu kupitia soksi, na ikishaingia utando uleule unaizuia kutoka. Hata bila mvua, jasho peke yake litakuchemsha.

Mtumba, kopi, au kuagiza

Mpya halali za daraja hili si za bei rahisi hata Marekani kwenyewe. Ukiagiza kwa kampuni ya usafirishaji, weka hesabu ya nauli, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Ndiyo maana wengi tunamtegemea ndugu anayerudi safari. Mtumie sentimita zako, siyo namba. Mwambie pia atafute toleo la mwaka jana. Likitoka jipya, la zamani hushushwa bei na mara nyingi tofauti ni ndogo sana.

Wasio na huyo ndugu tunaenda Karume. Mtumba mzuri upo, ila kumbuka unachonunua ni sponji, na sponji ya raba hizi kwa kawaida inaisha kati ya kilomita 500 na 800 hata kama juu panang'aa. Nenda asubuhi kukiwa na mwanga, uiweke raba juu ya kitu kilichonyooka, uchuchumae uiangalie kwa nyuma. Kisigino kikiwa kimelala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaila. Bonyeza sponji ya pembeni kwa dole gumba: nzuri inazama na kurudi, iliyokufa ama ni ngumu kama soli ya moka, ama inabaki na alama. Angalia mikunjo ya mlalo kwenye sponji chini ya kisigino. Mmoja miwili si neno, mingi iliyobanana ni mwisho wa habari. Tazama meno chini ya dole gumba la mguu, ndiyo yanayotangulia kuisha. Halafu inuse. Harufu ya gundi mbichi maana yake imefunguka ikabandikwa juzi, na gundi hiyo haitavumilia tope la Pugu. Wauzaji wanaziosha na kuzipaka rangi kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo weupe wa sponji usikuhadae.

Kopi za Kariakoo nazo zimekuwa nzuri kwa macho. Kwenye lebo ya ndani kuna namba ya modeli, iandike Google. Ikileta raba nyingine au rangi nyingine, umeshajua. Nembo ya Vibram, ile ya njano yenye pembe nane, kwenye soli halali imeumbwa ndani ya mpira; ikiwa ni rangi ya juujuu tu, ikwangue kwa ukucha uone. Kopi kwa kutembelea mjini haina ubaya. Kwa kilomita 60 mlimani inaweza kuachia soli mahali ambapo hakuna bodaboda.

Ukishainunua

Ifanyie jaribio la kikombe. Vaa na soksi zako za mbio, mimina kikombe cha maji ndani ya kila raba, anza kukimbia mtaani. Itapiga kelele, watoto watacheka. Kelele zikiisha ndani ya dakika chache, inatoa maji vizuri. Kama baada ya nusu saa bado inalia, fundi viatu anaweza kutoboa matundu madogo mawili pembeni, juu kidogo ya sponji, kwa sindano ya moto. Baada ya hapo ijaze magazeti uikaushe kivulini. Jua kali la uani linaikunja sponji.

Mchanga una dawa ya bei rahisi. Mpelekee fundi cherehani kitambaa chepesi cha kunyumbulika, akushonee kifuniko kinachozunguka kifundo na kushuka juu ya kamba, chenye velkro nyuma na ndoano ndogo mbele. Bila hicho, kilomita kumi za ufukweni zinakuachia mchanga wa kutosha kuchubua nyayo zote mbili.

Kisha mbio moja ndefu ya mazoezi, kilomita 30 au zaidi, na raba hiyohiyo, soksi hizohizo, mafuta ya mgando katikati ya vidole. Mbio nyingi za kilomita 100 zinakuruhusu kutuma mfuko kwenye kituo cha katikati. Weka humo raba ya pili iliyozidi ya kwanza kwa nusu namba, hata kama ni ya zamani, na soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki. Legeza kamba kabisa kabla ya kuifungasha, maana ukifika pale vidole vya mikono navyo vitakuwa vimevimba.