Masaa sita Mji Mkongwe kabla ya Busara, mimi na begi langu

Niliahidi nikirudi ntaandika, haya naandika, miguu bado inauma. Mwezi wa pili nilivuka kwenda Zanzibar kwa ajili ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki, sio siku zote, usiku mmoja tu wa Jumamosi, maana ruhusa kazini ilikuwa ya kubahatisha na hela nayo si unajua, ada za Januari zilikuwa zimeshapita nayo. Kwa hiyo hapa siongelei sana tamasha lenyewe, wajuzi wa muziki wapo, mi nataka kuongelea yale masaa ya kabla, kuanzia boti inapofunga gati ya Malindi mpaka unapoingia geti la Ngome Kongwe lilikokuwa tamasha, kwa sababu watu wananiuliza sana ukishuka mchana unafanya nini mpaka usiku uingie.

Kosa la kwanza ni boti. Nilikata ya saa sita na nusu mchana nikiamini ntawahi kila kitu, safari ni kama masaa mawili, ila ilichelewa kutoka na kaskazi ilikuwa inavuma haswa, dada wa pembeni yangu alishika ule mfuko wa kutapikia tangu hatujamaliza mlango wa bandari na hakuuachia mpaka tunafika, nikawa namuonea huruma huku namuombea usijae. Tukashuka saa tisa kasoro. Mwenye haraka apande ya asubuhi saa moja, apate siku nzima. Alafu jambo moja watu wanalisahau, muziki unapita saa sita usiku na boti za haraka za kurudi Dar zinaisha jioni, kwa hiyo lazima uwe na pa kulala au ukubali kukaa macho mpaka boti ya asubuhi. Na kitambulisho usikiache nyumbani, wanakiangalia.

Pale nje ya bandari mapapasi, wale madalali wa wageni, wanakusubiri kama ndugu zako. Taksi dada, hoteli dada, spaisi tua dada. Ukisema mi Mbongo mwenzenu wanapoa kidogo, mmoja akanijibu "hata Wabongo wanalala bibie", nikacheka, sikuwa na jibu. Kutoka Malindi mpaka Ngome Kongwe huhitaji gari hata kidogo, unafuata ile barabara ya Mizingani bahari iko kulia kwako, unapita jengo la Dispensari ya Zamani lenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa, unapita ule Mti Mkubwa mafundi wako chini yake, dakika kumi na tano kwa mwendo wa mtu mwenye begi.

Begi sasa. Nilikuwa nimelipia gesti moja ndani huko Kiponda, nililipa kwa simu wiki mbili kabla, meseji za malipo ninazo. Nafika, kijana wa mapokezi anaangalia daftari, anaangalia mimi, anaangalia tena daftari, ananiambia chumba hakijatoka mtu, nirudi saa nne usiku. Saa nne usiku! Nikamwambia basi niwekee begi, akasema hawaweki mizigo ya watu ambao hawajaingia, ukipotea wataulizwa wao. Nikabishana naye kama dakika ishirini, nikampigia mwenye gesti hapokei, mwisho nikabeba begi langu nikatoka nalo juani. Kiukweli hiyo sehemu naipa nyota moja na hiyo moja ni ya maji ya baridi aliyonipa. Jina silitaji, chumba chenyewe usiku nilikipata na kilikuwa kisafi, ila jamani kama unaenda kwa masaa machache nenda na kibegi cha mgongoni tu, usifanye kama mimi niliyebeba viatu jozi tatu kwa usiku mmoja.

Nilikuwa na mipango kibao. Nilitaka niende Kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, nione Hamamni, yale mabafu ya zamani, nipite Shangani kwenye ile nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury kwa sababu mdogo wangu alitaka picha ya mlangoni. Ukweli ni kwamba saa tisa na nusu mchana mwezi wa pili Mji Mkongwe hautaki mipango, jua linakupiga kutoka juu na kuta zinakurudishia joto kutoka pembeni. Kanisani nilifika mpaka getini nikageuka. Kile chumba cha chini wanachosema walikuwa wanafungiwa watu sio kitu cha kuingia na kutoka kwa dakika kumi ukiwa unawaza mahali pa kuweka begi, pale panataka utulivu, ntarudi siku nyingine kwa ajili yake tu.

Nikaangukia duka la kanga njia ya kwenda Darajani, kiduka kidogo, Bi mkubwa amekaa kwenye kigoda anajipepea. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, kaa upumue kwanza. Yaani hata sijasema nataka nini. Nikachagua kanga imeandikwa Usisafirie nyota ya mwenzio, elfu kumi na tano, nikajifunga mabegani maana nilikuwa na blauzi ya mikono mifupi na kule ni vizuri ujistiri kidogo, hakuna mtu atakayekusema lakini macho utayaona. Akaliangalia begi langu akaniambia "hilo lipumzishe hapa, mie nafunga magharibi". Nikasita kidogo, akili za Kariakoo hizi, kule ukiacha mzigo kwa mtu usiyemjua umeshauaga. Nikaacha. Nikatoka mwepesi mpaka nikahisi kama nimesahau kitu.

Hapo ndo safari ilipoanza. Nikala urojo kwa mama mmoja pale pale karibu na Darajani, bakuli elfu tatu, na naomba niseme wazi, urojo wa Dar tunadanganyana. Ule wa pale ulikuwa mzito kiasi chake, uchachu wa embe unaujua, mbatata, bajia, kachori, mishkaki miwili, chatne ya nazi na zile chipsi za muhogo juu ambazo lazima uzile haraka kabla hazijalegea, mama ananiuliza pilipili kidogo au ya kwetu, nikasema ya kwenu, nikajuta, nikaendelea kula. Ushauri wangu wa bure, kula hapa saa kumi, usisubiri mpaka usiku kwa sababu ntakayoisema chini.

Nikaingia vichochoroni nikapotea, kupotea kule ndo utaratibu wenyewe, nikatokea Joz Kona, kile kijiwe cha kahawa. Wazee wanacheza karata, wengine dhumna, muuza kahawa na dele lake, na ile simu ya zamani iliyotundikwa wanayosema unapiga popote duniani bure, msijaribu, haijaungwa popote. Wanawake hapo tulikuwa wawili na mwenzangu Mzungu, nikataka nipite tu ila mzee mmoja akasogea kwenye baraza akapapasa pale alipotoka, karibu mwanangu. Kahawa chungu vikombe vitatu na kashata, hata buku mbili haikufika. Nikakaa pale saa nzima na zaidi. Wanaanza na Simba na Yanga wanamalizia na siasa, na wakisikia umekuja kwa Busara kila mtu ana yake. Mzee yule akasema yeye alikuwepo lilipoanza 2004, na kwamba Bi Kidude akipanda pale Ngome hata wanaojifanya hawapendi ngoma walikuwa wanasogea ukutani kusikiliza, tangu afariki 2013 yeye haingii tena, anasikilizia barazani kwake. Mwingine akamrukia kwamba acha hizo, mbona 2016 lilivyokosa fedha halikufanyika wewe ndo ulilalamika mji umepoa kuliko wote. Wakabishana mpaka kahawa ya pili. Mi ningekuwa nalipwa kukaa hapo ningehamia.

Saa kumi na mbili kasoro nikashuka Forodhani. Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, ilikuwa pale pembeni inakarabatiwa, ile iliyoporomoka upande siku ya Krismasi 2020, nilikuwa sijaiona tangu wakati huo, inauma kuiangalia, nyumba ya Seyyid Barghash ya 1883 imesimama zaidi ya miaka mia. Ngome iko jirani yake kabisa na ukisimama bustanini unasikia saundi cheki ikivuka ukuta, mtu anapiga ngoma ileile mara kumi, moja mbili, moja mbili. Na mbele yako vijana wanapiga makachu, wanakimbia wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mitindo yao, mmoja anajikunja, mmoja kakaa kabisa kama yuko kwenye kochi, maji yalikuwa yamejaa na jua linazama nyuma yao. Hiyo ni burudani ya bure na kwangu ilishinda vitu vingi nilivyovilipia.

Chakula cha Forodhani sasa, ntasema nilivyoona. Miwa yenye tangawizi na ndimu, kumi kwa kumi. Zanzibar pizza sawa, inashibisha. Ila kuna meza moja nilichagua mshikaki wa pweza na kipande cha samaki bila kuuliza bei, naletewa hesabu elfu thelathini na tano, nikaongea Kiswahili changu chote mpaka ikashuka ishirini, na pweza mwenyewe wa kutafuna mpaka taya zinachoka. Uliza bei kabla, hata kama unaona aibu. Ndo maana nikasema kula urojo mapema.

Ikaadhiniwa magharibi, nikasikia adhana kutoka huku na huku, na hapo ndo kichwani ikaniingia, begi! Bi mkubwa kasema anafunga magharibi. Simu ina asilimia nne, tiketi iko kwenye simu, chaja iko kwenye begi. Nilikimbia na kanga inapepea, nikapotea mara mbili kwenye njia niliyopita mchana, nafika duka limefungwa, mlango na komeo. Nikakaa kwenye baraza nikiwa karibu kulia kabisa, najiambia si nilisema mimi. Mtoto wa kama miaka tisa akanitokea, "wewe ndo mwenye begi? Bibi kenda sali, kasema ukae". Nikakaa. Nusu saa baadaye Bi mkubwa huyo anakuja polepole, begi analo mjukuu mwingine kichwani, kumbe alilipeleka nyumbani asiliache dukani usiku. Akanipeleka kwake nikachaji simu, nikapewa chai ya maziwa na mkate wa kumimina, nikaambiwa begi libaki nilipitie nikitoka, ila nikaona haya, saa saba usiku nigonge nyumba ya watu, nikambembeleza kijana wa gesti kwa simu kwa mara ya tatu na safari hii akakubali nilete.

Ngome Kongwe nikaingia saa tatu kasoro. Nilikosa wawili wa mwanzo na siwezi kusema sikujuta, kuna kundi la taarab nililitaka sana. Waliobaki niliwasikia wote, na pale Busara ni laivu tupu, hakuna mambo ya kufungulia CD na kuchezesha mdomo, ukikosea unakosea na watu wanasikia. Kukaa ndani ya kuta zile za Waarabu wa Omani, nyota juu, jasho, wageni na wenyeji wamechanganyika wanacheza bila aibu, sauti ilikuwa safi isipokuwa ukikaa kushoto karibu na ukuta inarudi kidogo, kaa katikati. Watanzania tiketi yetu ni ya chini kuliko ya wageni kwa hiyo kisingizio hamna.

Yale masaa sita nayapa nyota nne kati ya tano, ile moja ameichukua kijana wa mapokezi. Ningeyarudia mwakani, kwa boti ya asubuhi, begi dogo, chaji ya akiba, na kahawa ya Joz Kona kabla ya chochote.

Swali langu kwenu, ile kanga imeingia urojo, doa la manjano sentimita kama kumi hivi pale pale kwenye neno nyota. Nimeshafua na sabuni ya mche mara tatu, nimejaribu ndimu na kuanika juani, limekaa tu. Mwenye dawa aseme kabla sijaipeleka jikoni.