Programu ya fizikia iliyomkosesha mdogo wangu jibu sahihi

Nimelipa kwa simu, nimelalamika mpaka nimechoka, sasa naandika. Programu hii ya fizikia ya kidato cha nne inamkosesha mtoto aliyejibu sawasawa, na wenyewe hawataki kuambiwa.

Swali lilikuwa hili: radiamu 226 ikitoa chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu, inabaki nini? Mdogo wangu akaandika radoni, 222 juu (jumla ya protoni na nyutroni) na 86 chini (protoni peke yake), kisha heliamu, 4 juu na 2 chini. Jumlisheni wenyewe: 222 na 4 ni 226, 86 na 2 ni 88, namba ya radiamu. Pande zote zimelingana. Akapigwa mkasi mwekundu! Eti jibu ni radoni 222 juu, 88 chini.

Jamani, 88? Kiini chenye protoni 88 ni radiamu, hakiwi radoni kwa kubadilishiwa herufi. Ukiongeza zile mbili za heliamu, kulia unapata 90. Hizo mbili za ziada zimetoka wapi? Mtoto alikwenda kulala akisema fizikia imemshinda, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakuniacha nimalize. "Dada, kwani wewe ni mwalimu? Maswali yametungwa na wataalamu." Nikamsomea hesabu, akanijibu kwamba namba ya juu ikitimia, ya chini haina shida. Haina shida! Namba ya chini ndiyo inayosema hii ni elementi gani. Akakata simu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwalimu wa video zao anajua kufundisha. Kwenye urani 238 hakimbilii kuandika thoriamu. Anatoa kwanza 4 juu na 2 chini, anapata 234 na 90, ndipo anafungua jedwali la elementi kumtafuta mwenye 90. Mdogo wangu alielewa papo hapo, ndiyo maana aliandika 86 bila kusita. Kwa video peke yake ningesema nunueni, hata nyota nne ningetoa.

Lakini hapo ndipo hasira inaponipanda zaidi. Mwalimu wao anafundisha sawa, maswali yao yanamkanusha, na hakuna aliyeyapitia kabla ya kutuuzia! Mtoto asiye na mtu wa kumkagulia atafuta lililo sahihi, abebe kosa hadi mtihani wa taifa. Hapana, msinunue. Nyota moja, na hela yangu nirudishiwe.