Uzoefu wangu: Bukoba hadi Mutukula kwa pikipiki, na wastaafu wenzangu

Tulikuwa tisa, wote wastaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, mdogo wetu ana miaka 54. Pikipiki tulikodi kwa kijana mmoja mjini Bukoba, Boxer zote, shilingi 25,000 kwa siku, mafuta juu yako.

Tulipatana saa kumi na mbili asubuhi. Ukimwambia askari saa kumi na mbili, kumi na moja na nusu ameshasimama pale. Kijana alitokea saa mbili kasoro, anapiga miayo. Pikipiki zenyewe sina neno, breki zinashika na tairi ni nzima. Cheni yangu tu ilikuwa imelegea, tukaikaza wenyewe. Helmeti ndizo zilizoniudhi. Mbili hazikuwa na kamba ya kidevuni, na ya kwangu kioo kimechubuka mpaka lami unaiona kama imemwagiwa maziwa. Sajini mmoja mwenye kichwa kikubwa alipewa ya mtoto, ikagoma kupita masikioni. Ikabidi arudi nyumbani kuchukua yake.

Barabarani raha tupu. Kombati hakuna aliyevaa, sheria tunaijua, ila buti zilikuwepo. Aliyewahi kuwa dereva wa kikosi akaongoza, fundi akafunga mkia, na kila mmoja alitakiwa amwone wa nyuma yake kwenye saitimira. Hakuna kupitana. Bodaboda wa Kyetema walitushangaa, wazee wazima wanakwenda kilomita 50 kwa saa!

Kyaka ndipo siku ilipokuwa. Mzee wetu, aliyevuka mto Kagera akiwa na miaka 20 kwenye vita dhidi ya Idi Amin wa Uganda, alivua helmeti, akashika chuma cha daraja, akakaa kimya. Daraja la zamani jeshi la Amin lililipua Novemba 1978, na vijana wetu wakavukia daraja la muda. Mwisho akanyoosha kidole kwenye maji: "Yalikuwa na tope hivi hivi." Halafu akauliza kama kuna anayeuza ndizi za kuchoma.

Alipokwisha kula ndipo maneno yakaja. Alitusimulia mizinga ya roketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiziba masikio ingawa ilikuwa ya kwetu. Huyu mtu nimekuwa nikikutana naye kwenye foleni ya pensheni miaka yote hii, na sikuwahi kusikia hata neno moja la hayo.

Baada ya hapo ingekuwa bora turudi. Tulikula Bunazi, ndizi na maharage, safi, kisha tukajikokota mpaka Mutukula kuangalia malori yakipanga foleni mpakani na Uganda. Kuvuka hatukuweza, karatasi za pikipiki hatukuwa nazo. Kwenda na kurudi ni kilomita 160 hivi, na kiuno changu kilizihesabu zote. Kama mna umri wetu, geuzieni Kyaka.

Mvua ilitukuta tukirudi. Tulipokabidhi pikipiki kijana akadai 5,000 kila mmoja ya kuoshea matope. Tulimpa 2,000, baada ya kumkumbusha kuhusu saa kumi na mbili.

Mzee ameshaanza kuuliza lini tunakwenda Kaboya, walikozikwa wenzake waliokufa vitani. Nimemwambia Desemba, kwa kijana yule yule, ila kila mtu aje na helmeti yake.