Laptopu ya kutengenezea muziki kwa asiyeona: zipi za kuchukua Kariakoo, zipi za kupisha

Vijana wasioona wanaotaka kupika biti huniuliza swali moja: ninunue laptopu gani? Nami huwarudishia lingine: utafanyia kazi programu gani? Prodyuza mwenye macho hana haja ya kuwaza hilo. Anachukua mashine yoyote, anaweka FL Studio kama zilivyo studio nyingi za Bongo Fleva, kazi inaanza. Kwetu sisi FL Studio ni ukuta: kisoma skrini, yaani programu inayotusomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kinakutajia jina la dirisha, kisha kimya. Kwa hiyo programu inatangulia, laptopu inafuata.

Kwenye Windows, njia iliyonyooka ni REAPER, programu ya kurekodi na kupika muziki, pamoja na nyongeza ya OSARA inayoifanya isomeke, huku kisoma skrini cha NVDA kikikusomea. NVDA ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh, na huyo Teh ndiye aliyeianzisha OSARA. REAPER unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu wa studio ndogo ni dola 60. Kwenye Mac una VoiceOver, kisoma skrini cha Apple kilichomo ndani ya mfumo tangu 2005, na GarageBand ya bure ya kujifunzia kabla ya kupanda Logic Pro. REAPER na OSARA zinafanya kazi huko pia.

Ya kwanza: ThinkPad T480

Ni ya mwaka 2018, na madukani utaikuta ikiwa imeshatumika. Naiweka juu ya Mac nikijua kabisa kwamba Mac ni mashine bora zaidi. Sababu ni kwamba laptopu peke yake haitoi wimbo: bado unatakiwa ununue kadi ya sauti ya nje, maiki na hedifoni, na chenji ya T480 inakuachia nafasi ya hivyo. Ram yake ina nafasi mbili, kwa hiyo ukinunua yenye GB 8, ukipata hela fundi anakuongezea kwa dakika chache. Betri ni mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Umeme ukikatika Mbagala katikati ya kurekodi vokali, utaelewa ninachosema.

Kibodi yake ndiyo iliyoniteka. Vitufe vina kina, na kile kinundu cha mpira katikati ya G, H na B kinakuonyesha ulipo hata mkono ukienda kwenye kinanda cha muziki na kurudi haraka. Kero ni moja: Fn imekaa pembeni kabisa kushoto, mahali vidole vinapoitafuta Ctrl. Ukitaka kuinyamazisha NVDA unajikuta unabonyeza Fn na yenyewe inaendelea kuongea. Vitufe hivyo vinaweza kubadilishana kazi kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, lakini huko NVDA haifiki. Mwombe mwenye macho.

Chukua GB 16 za ram na SSD ya GB 512. GB 8 zinatosha kwa biti za kawaida na vokali. Ukianza kupakia vinanda na nyuzi vilivyorekodiwa sauti moja moja, zitakuchosha.

Ya pili: MacBook Air ya M1

Ilitoka mwishoni mwa 2020. Haina feni hata moja. Kwa anayerekodi chumbani Dar, dirisha limefungwa na pangaboi limezimwa kwa ajili ya maiki, ukimya huo una thamani. VoiceOver unaiwasha mwenyewe tangu siku ya kwanza, bila kuomba msaada: shika Command, bonyeza kitufe cha Touch ID mara tatu haraka. Ila ram uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo, haiongezwi. Na ukiikuta imetumika, mwambie muuzaji aifute mbele yako na uianzishe upya palepale. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, irudishe mezani.

Ya tatu: HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490

Ukikosa T480, chukua mojawapo. Ram zinaongezeka, Windows 11 inazikubali zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane. Sina zaidi.

Za kupisha

MacBook Pro zenye Touch Bar: safu ya juu ya vitufe ni kioo kitupu, kidole hakina cha kushika. Laptopu za gemu zina nguvu, lakini zikipata joto feni zinaingia kwenye vokali. Na zile mpya za bei poa zenye prosesa dhaifu ya Celeron na ram ya GB 4 ni za kuandikia barua.

Dukani

Beba flashi yenye NVDA ile isiyohitaji kusakinishwa, na hedifoni zako. Juzi nilikuwa Mtaa wa Aggrey, kijana ananisifia: "Kaka, hii i7, ram kumi na sita, inapiga kazi zote." Nikabonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja, Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, ikaanza kuongea Kiingereza kwa sauti ya juu. Akaruka. "Imefanya nini hii?" Inanisomea, nikamwambia. Nikabonyeza Windows na Pause, nikashuka kwa mishale hadi kwenye ram: nane. Akasema labda amechanganya na ya jirani.

Betri nayo iulize yenyewe. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti hiyo. Linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa betri ikijaa. Ukikuta ujazo umebaki nusu, punguzo lidai hapohapo.

Jambo moja litakukuta nyumbani, sio dukani. Siku niliyoweka REAPER mara ya kwanza nilichagua dereva ya ASIO, programu inayopitisha sauti kwa haraka, kwenye kadi ya sauti ya ndani. NVDA ikakata sauti katikati ya neno. Nilikaa nusu saa nikiamini laptopu imekufa, mpaka mdogo wangu alipoingia: "Mbona inawaka, kaka?" ASIO ilikuwa imeishika kadi yote, kisoma skrini hakina pa kutokea. Tangu hapo NVDA inatokea kwenye kadi ya laptopu, muziki unatokea kwenye kadi ya nje ya USB. Kabla hujaipata ya nje, chagua ndani ya REAPER WASAPI ya kushirikiana, njia ya sauti ya Windows inayoruhusu programu zote kutumia kadi moja. Sauti inachelewa kidogo, lakini kisoma skrini hakitanyamaza.

Na skrini yenye doa au mstari? Hiyo ndiyo bei yetu. Wenye macho wanaipita, muuzaji ameshaichoka. Mradi mtu aweze kuisoma akikusaidia kwenye BIOS, nunua, na usimwambie mapema kwamba doa halikuhusu.